Pumzi Kukatika Usingizini: Maswali na Majibu ya Kujichunguza Nyumbani

Mume wangu anakoroma sana. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo?

Si lazima. Wapo wanaokoroma maisha yao yote na pumzi haikatiki. Mkoromo ni sauti ya hewa inayopita kwa shida kwenye koo lililolegea. Tatizo linaanza pale koo linapolegea mpaka linaziba: ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zinarudi ndani, hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, na ubongo unamgutusha mtu ili avute pumzi. Anavuta, analala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, inahesabiwa. Mtu mwenye hali mbaya, ukijumlisha na zile nyakati ambazo pumzi inapungua sana bila kukatika kabisa, anafikisha 30 na zaidi kwa saa moja. Hata alale saa nane, ataamka amechoka.

Nitajichunguzaje na mimi nimelala?

Hapo unamhitaji mwenzako, na hakuna kifaa cha nyumbani ninachokiamini kuliko mtu mnayelala chumba kimoja. Mwombe akae macho nusu saa, kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Usingizi wa ndoto huwa mwingi kuelekea asubuhi, na misuli ya koo hulegea zaidi wakati huo. Asisikilize tu, atazame pia. Atakachokiona ni hiki: mkoromo unakatika ghafla, lakini kifua na tumbo bado vinahangaika kupanda na kushuka. Akiweka kiganja karibu na pua, hasikii hewa ikitoka. Kisha unakuja mkoromo mmoja mkali kama wa mtu aliyepaliwa, mwili unashtuka, na mambo yanaanza upya.

Mwenzako akiona hivyo, nenda hospitali, hata kama maswali mengine ya kujipima yaliyo hapa chini yote utayajibu hapana.

Unayelala peke yako, tumia simu. Iweke kwenye stuli karibu na kichwa, iache kwenye chaji, zima data ili isikatizwe, na urekodi sauti usiku kucha. Asubuhi huna haja ya kusikiliza yote; tafuta mahali mkoromo unapokatika halafu unarudi kwa kishindo, uhesabu sekunde za ukimya katikati. Hifadhi kipande hicho umpelekee daktari.

Nimesikia kuna maswali manane ya kujipima. Ni yapi?

Yanaitwa STOP-BANG. Yalianzia Toronto, Kanada, kwa daktari wa nusukaputi (dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji) Frances Chung na wenzake, yakachapishwa 2008 kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Kila ndiyo ni alama moja. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika hata mlango ukiwa umefungwa? Unachoka au kusinzia mchana mara kwa mara? Kuna mtu amekuona pumzi ikikatika? Una presha, hata kama inatulizwa na dawa? BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, imezidi 35? Umri umepita miaka 50? Shingo imezidi sentimita 40? Wewe ni mwanaume?

BMI unaipata kwa kugawa kilo zako kwa urefu wa mita uliouzidisha kwa wenyewe. Mwenye kilo 102 na urefu wa mita 1.70 anapata 35.3. Shingo ipime kwa tepu ya fundi cherehani, usawa wa kikoromeo, bila kukaza. Fomu nyingine hutumia sentimita 43 kwa mwanaume na 41 kwa mwanamke, usishangae ukikutana nazo.

Alama 0 hadi 2, uwezekano ni mdogo. 3 au 4 ni wa kati. 5 na kuendelea ni mkubwa.

Kipimo hiki kina udhaifu. Mwanaume wa miaka 55 mwenye presha tayari ana alama tatu kabla hatujauliza habari za usingizi wake. Mwanamke naye anaanza akiwa nyuma kwa alama moja, na wanawake wengi wenye tatizo hili hawalalamikii mkoromo. Wanalalamika kukosa usingizi, kuumwa kichwa asubuhi na uchovu usioisha, wanaambiwa ni mawazo tu. Wewe mama uliyekoma hedhi, au uliye mjamzito na umeanza kukoroma sana, lizungumze hilo kliniki bila kusubiri alama zitimie.

Usingizi wa mchana nitaupimaje? Si kila mtu anachoka?

Tofautisha uchovu na kusinzia. Tumia kipimo cha Epworth, alichokitoa Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Jipe 0 hadi 3 kwa uwezekano wa kusinzia katika hali nane: ukisoma, ukitazama televisheni, ukikaa kimya mahali penye watu kama kwenye mkutano, ukiwa abiria kwa saa nzima, ukijilaza mchana, ukiongea na mtu, ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana bila pombe, na ukiwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Zaidi ya 10 kati ya 24 ni usingizi uliopita kiasi.

Dereva wa lori, basi au bodaboda unayesinzia barabarani, usiendelee kujipima. Simamisha chombo leo, kamwone daktari.

Nina kile kifaa cha kidole cha kupima oksijeni. Kinasaidia?

Ukijipima ukiwa macho kitasoma vizuri, kwa sababu ukiwa macho koo halizibi. Watu wengi wanajidanganya hapo. Kinachofaa ni kile kinachorekodi usiku mzima, na hata hicho hakitoshi kusema huna ugonjwa.

Naamka nimekabwa, nyumbani wanasema ni jinamizi.

Kwenye jinamizi akili iko macho ila mwili hausogei. Ukigutuka ukihema, ukakaa kitandani mara moja na moyo unaenda mbio, fikiria pumzi iliyokatika. Kuamka kukojoa mara nyingi usiku na presha isiyoshuka kwa dawa ni dalili nyingine ambazo watu hawazihusishi na usingizi.

Hospitali watanifanya nini?

Anza na daktari wa kawaida au wa masikio, pua na koo. Uthibitisho unatokana na kipimo cha usiku: hospitali zenye maabara ya usingizi, au kifaa cha kulala nacho nyumbani chenye mrija wa puani, mkanda wa kifuani na kipimo cha kidole. Tiba inayojulikana zaidi ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo lisizibe. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, na taarifa yake ilitoka 1981. Wakati unasubiri, lala ubavu, acha pombe ya jioni, usinywe vidonge vya usingizi bila daktari, na kama uzito umezidi anza kuupunguza. Ukitakiwa kufanyiwa upasuaji wowote, mwambie mtu wa nusukaputi mapema.

Na mtoto anayekoroma?

Maswali haya ni ya watu wazima, usimpime nayo. Kwa mtoto, sababu ya kawaida ni tonsesi au vinyama vya nyuma ya pua vilivyokua. Ukiona anakoroma siku nyingi usiku, analala mdomo wazi shingo ameitupa nyuma, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, au darasani hatulii, mchukue video ya dakika chache akiwa amelala, kifua kikionekana, uende nayo kwa daktari.