Kamera Iliona, Lakini Nani Alifika?

Katika baraza moja la usalama nililoalikwa kuzungumza, upande wa mashariki mwa Nairobi, mama muuza mboga alisimama kabla sijamaliza hata kujitambulisha. "Mwanangu," akasema, "mimi niliporwa simu na mtu wa pikipiki hapa steji, chini kabisa ya ile kamera. Nikaenda kituoni, nikapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio, wakatafuta, wakaniambia hakuna picha. Sasa hiyo kamera yenu huwa inaangalia nini?" Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekuja na slaidi za akili mnemba, nikafunga kompyuta.

Kazi yangu ni kuandika programu zinazosoma picha za kamera, na tunaifanya bega kwa bega na maafisa wa polisi. Kwa hiyo neno "yenu" nililikubali. Simu ya mama nitairudia baadaye. Kwanza nieleze mambo ambayo muuzaji wa kamera hatakueleza.

Kamera unazoziona kwenye milingoti ya Nairobi na Mombasa zina historia yake. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jumba la Westgate na watu 67 wakauawa. Mojawapo ya aibu za siku zile ni kwamba vikosi vilivyokwenda kuokoa watu havikuwa vikisikilizana. Mwaka uliofuata serikali ikatia saini mkataba na Safaricom, vifaa vikitoka Huawei: kamera zipatazo 1,800, vituo vya polisi 195 kuunganishwa, redio mpya za askari, na chumba cha kuratibu shughuli zote. Wananchi hukumbuka kamera kwa sababu ndizo zinazoonekana. Kwangu mimi kitu cha maana zaidi katika orodha hiyo ni redio. Kamera isiyo na askari wa kuitika upande wa pili ni jicho lisilo na mkono.

Na hili si la kukisia. Mwaka 2019 wataalamu wa uhalifu, wakiwemo Brandon Welsh na David Farrington, walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za CCTV. Kwa jumla, palipowekwa kamera uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na mahali pasipo nazo. Faida kubwa zaidi ilionekana kwenye maegesho ya magari. Kwa uhalifu wa kutumia nguvu, yaani kupiga na kujeruhi watu, hawakuona punguzo la kuaminika. Kamera zilizokuwa na mtu wa kuzitazama moja kwa moja na kutuma askari zilifanya vizuri kuliko zile zilizorekodi tu zikisubiri tukio liripotiwe. Mwizi wa taa za gari hupiga hesabu zake. Mlevi anayechomoa kisu hana muda wa kuangalia juu ya mlingoti.

Sasa tuje kwenye jicho lenyewe. Viwango vya kimataifa vya kamera za usalama hupima uwezo wa kuona kwa idadi ya pikseli, yaani vitone vidogo vinavyounda picha, katika kila mita ya upana wa eneo linalotazamwa. Kujua tu kwamba pale pana mtu, pikseli 25 kwa mita zinatosha. Kumtambua mtu unayemfahamu, 125. Kuthibitisha sura ya mtu usiyemjua, 250. Chukua kamera ya kawaida yenye upana wa pikseli 1,920, uielekeze kwenye mzunguko wa barabara wenye upana wa mita 60. Gawanya: unapata pikseli 32 kwa mita. Kamera hiyo itaona mtu akimkimbilia mwenzake, itaona pikipiki imeelekea wapi, lakini uso wa mporaji utakuwa doa. Ukitaka uso, kamera hiyo hiyo haiwezi kuhudumia zaidi ya mita saba na kitu, upana wa lango la soko. Ndiyo maana ninapoona kamera moja imetundikwa juu kabisa "ione kila kitu", najua anayelipa hakuulizwa anataka ione nini. Ongeza jua la saa sita, kofia, na kamera iliyojipima mwanga kwa anga jeupe nyuma ya mtu: ngozi nyeusi inakuwa kivuli kitupu.

Tuseme uso umepatikana, safi. Hapa ndipo watu hudanganywa zaidi na filamu. Programu haimwambii askari "huyu ni fulani". Inaugeuza uso kuwa mfululizo wa nambari, mara nyingi 512, kisha inaulinganisha na mfululizo wa kila picha iliyo kwenye orodha ya wanaosakwa. Jibu lake ni alama tu: 0.58, 0.71. Ni binadamu ndiye aliyeamua, ameketi ofisini, kwamba alama ikivuka tuseme 0.65, kengele ilie. Mstari huo tunauita kizingiti. Ukikishusha, wanaosakwa wengi watanaswa na wasio na kosa wengi watasumbuliwa pamoja nao. Ukikipandisha, utapata utulivu na mhalifu atapita akipiga mluzi. Hakuna kizingiti kisicho na gharama, na gharama hiyo hailipwi na mhandisi.

Fanya hesabu ya kivuko cha Likoni. Tuchukue watu 100,000 wanaopita mbele ya kamera kwa siku, na programu inayokosea mara moja tu kwa kila watu 1,000. Muuzaji atasema ni sahihi kwa asilimia 99.9, na hatakuwa ametoa uongo. Lakini hizo ni kengele 100 za bure kila siku. Kama katika umati huo wanaosakwa kweli ni wawili na wote wamenaswa, kati ya watu 102 watakaovutwa kando, 100 walikuwa wanaenda zao kazini.

Polisi wa South Wales nchini Uingereza walikutana na hesabu hii uso kwa uso. Juni 2017, siku za fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Cardiff, mfumo wao ulitoa kengele 2,470, na 2,297 kati ya hizo zilikuwa za makosa. Walieleza kwamba picha za wanaosakwa walizopewa zilikuwa duni. Naamini. Lakini picha duni ndizo tulizo nazo sote: picha ya kitambulisho ya miaka kumi iliyopita, picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa mara tano. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa huko ikaamua matumizi yale hayakuwa halali, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, askari walikuwa wameachiwa mno waamue wenyewe nani aingie kwenye orodha na kamera ziwekwe wapi.

Kwa Waafrika kuna la ziada. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 za utambuzi wa sura mwaka 2019, ikakuta kwamba nyingi humfananisha mtu na asiye yeye mara nyingi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki kuliko kwa watu wa Ulaya Mashariki. Programu hujifunza kutokana na sura ilizolishwa, na sura zetu zilikuwa chache katika sahani hiyo. Huko Detroit, Januari 2020, Robert Williams, Mmarekani mweusi, alifungwa pingu mbele ya mkewe na binti zake kwa wizi wa saa asioujua. Programu ilikuwa imetoa jina lake kutokana na picha yenye giza ya kamera ya duka. Alilala kizuizini. Mwaka 2024 polisi wa jiji hilo walikubali, katika makubaliano ya kumaliza kesi yake, kutomkamata mtu kwa matokeo ya programu peke yake. Sharti hilo mimi ningeliandika ukurasa wa kwanza wa mradi wowote wa hapa kwetu, kabla ya bei.

Kuna aina nyingine ya "akili" isiyotafuta sura bali mwenendo: mtu ameanguka, begi limeachwa, umati unatawanyika ghafla. Hii naipenda zaidi, kwa kuwa haihitaji kujua wewe ni nani. Lakini nayo hufundishwa ng'ambo kisha ikaletwa kwetu. Tulipojaribu moja iliyojifunza kwamba mtu anayekimbia ni dalili ya hatari, skrini ilijaa alama nyekundu jioni nzima. Nairobi watu hukimbia. Wanakimbilia matatu, wanakimbia mvua, na wachuuzi wanakimbia kanjo, askari wa jiji, na nguo zao mabegani. Sajenti mmoja aliyeketi nasi alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akasema neno lililobadilisha mradi: "Mimi usinionyeshe anayekimbia. Nionyeshe pale ambapo watu wote wamegeuza shingo." Hakuna mhandisi ambaye angelifikiria hilo.

Ndiyo faida ya kukaa na polisi tangu mwanzo. Walitufundisha kwamba ujumbe "mtu wa kushukiwa, kamera 14" hauna maana kwa askari aliye barabarani. Anataka kujua: upande gani wa barabara, ameelekea wapi, amevaa rangi gani, yuko peke yake? Walitufundisha pia, bila kukusudia, kwamba kengele ikilia mno afisa wa zamu huizima sauti, na mfumo wa mamilioni unakuwa pambo la ukutani.

Nao tuliwaambia jambo wasilolipenda. Kamera ni lazima iweze kumtazama hata anayeshika funguo zake. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi, na IPOA, mamlaka inayosimamia mienendo ya polisi, ikawaeleza maseneta kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa. Kiufundi, dawa ipo na si ghali. Kila dakika chache mashine hukokotoa muhuri wa video iliyorekodi, mfululizo mfupi wa herufi na nambari unaobadilika hata pikseli moja ikiguswa, na kuupeleka kwa taasisi nyingine nje ya kituo. Muhuri haumzuii mtu kufuta, ila unamnyima nafasi ya kufuta kimyakimya.

Sheria tunazo. Ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu sura yako, ikisomwa na mashine, kuwa data nyeti, na inakupa haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Tanzania nayo ina sheria ya taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023. Zina misamaha, hasa penye usalama wa taifa, na mabishano yote yamo ndani ya misamaha hiyo. Mradi wa kamera ukija mtaani kwako, uliza picha zinakaa siku ngapi, nani anaruhusiwa kuzifungua, na kama jina lake linabaki kwenye kumbukumbu kila anapozifungua.

Simu ya mama, sasa. Baada ya baraza nilimwomba anionyeshe karatasi aliyopewa kituoni. Tarehe ilikuwapo, mahali palikuwapo, na saa ilikuwa imeandikwa 12:15.

"Mama, uliporwa mchana?"

"Mchana wapi! Saa kumi na mbili na robo, nafunga meza, kiza kinaingia."

Mashine inahesabu kwa saa 24. Aliyejaza fomu aliandika alichosikia, na aliyetafuta akafungua picha za adhuhuri, akakuta steji tulivu na watu wanakula mihogo. Picha za 18:15 hakuna aliyezifungua. Nilipouliza, zilikuwa zimeshafutika, nyingine zimerekodiwa juu yake. Fomu tunayoandaa sasa na maafisa ina kisanduku kimoja kipya kabla ya saa: asubuhi, mchana, jioni au usiku.

"Kwa hiyo," mama akaniuliza, "iliona?"

"Iliona, mama. Uso labda la, lakini pikipiki ilikoelekea, iliona."