Mafuta ya haidroliki yanavuja? Spana ingoje kwanza

"Panapotona ndipo panapovuja"

Zifuatazo ni dhana za kawaida kuhusu mivujo ya haidroliki ya trekta, yaani mfumo unaonyanyua na kusukuma kwa mafuta yenye presha. Hii ya kwanza huwatia watu hasara kuliko nyingine zote. Mafuta hufuata mteremko. Yanatoka kwenye kiungo cha hozi huko juu karibu na valvu inayoelekeza mafuta, yanateremka na mgongo wa hozi, yanapita chini ya sehemu ya kukanyagia, yanaambaa na gia boksi hadi kwenye bolti ya chini kabisa, na hapo ndipo yanapoanza kutona. Mwenye trekta anaona tone chini ya gia boksi, anaambiwa sili ya shafti (mpira wa kuzuia mafuta yasitoke) imekufa, trekta linatenganishwa katikati, sili inabadilishwa, na tone linabaki palepale. Feni ya injini nayo haisaidii, maana hupeperusha mafuta hadi kila kitu kinaloa sawasawa.

Trekta chafu halina cha kukuambia. Lioshe kwa sabuni ya kukata grisi, likaushe, kisha futa kiungo kimoja kimoja hadi tambara litoke safi. (Maji ya presha kubwa yaweke mbali na sili na nyaya.) Nyunyizia poda nyeupe ya talki kwenye viungo, kwenye mashina ya hozi (pale mpira unapobanwa kwenye chuma) na kuzunguka valvu. Washa, fanya kazi hadi mafuta yapate moto, kwa sababu kuna mivujo ambayo haijitokezi mafuta yakiwa baridi na mazito. Nyanyua na kushusha kijiko cha mbele, kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho, nyanyua na kushusha pia mikono ya nyuma inayobeba zana. Kisha shusha kila kitu chini, zima injini, chukua tochi. Kwenye poda utaona mchirizi uliolowa. Ufuate kwenda juu, usiufuate kwenda chini. Pale pa juu kabisa palipoloa ndipo pa kushuku. Mvujo ukijificha nyuma ya bomba, ipo rangi maalumu inayochanganywa na mafuta, ambayo hung'aa ukiimulika kwa taa ya urujuanimno.

"Pitisha kiganja, utausikia unapotokea"

Usithubutu. Mfumo wa trekta dogo hufanya kazi kwenye presha ya bar 150 hivi, na kutoboa ngozi kunahitaji presha ndogo sana kuliko hiyo. Tundu dogo la hozi hutoa mchirizi mwembamba ambao macho huenda yasiuone, na glavu haiuzuii. Jeraha lenyewe linadanganya: kwa nje ni alama ndogo kama ya sindano, pengine bila maumivu makubwa, huku ndani mafuta yanaharibu nyama. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kuwa mafuta yameingia kwa presha. Upasuaji ukichelewa, kidole au mkono mzima unaweza kupotea.

Tumia kipande kikubwa cha boksi la karatasi kilichofungwa kwenye kijiti kirefu. Mafuta yataandika juu yake. Na kuzima injini si kuondoa presha. Kijiko kikiwa hewani, uzito wake unaendelea kuyasukuma mafuta. Kishushe hadi ardhini, kisha sukuma levya (mkono wa kuendeshea kijiko) kila upande kabla ya kulegeza nati yoyote.

"Kaza tu, ikigoma zungushia tepu"

Inategemea ni kiungo gani. Viungo vingi vya haidroliki havizibwi na nyuzi za nati. Vingine hukutanisha chuma na chuma kwenye mdomo wa koni, vingine hubanwa na oringi (pete ya mpira). Nyuzi kazi yake ni kuvuta tu. Ukizungushia tepu nyeupe ya mabomba kwenye kiungo cha namna hiyo hujaziba kitu, na kipande cha tepu kikikatika kinasafiri na mafuta hadi kwenye valvu na kukwama humo. Sasa una matatizo mawili. Nyuzi zinazoziba zenyewe ni zile zilizochongwa kwa mteremko (zinazopungua unene kuelekea mwishoni), na hata hizo ni afadhali zipakwe gundi ya majimaji ya kuzibia nyuzi.

Kukaza kupita kiasi nako hupasua mdomo wa koni au hukata oringi. Ukikaza na bado panavuja, fungua uangalie: mkwaruzo kwenye koni, uchafu, oringi iliyokauka. Tumia spana mbili, moja ishikilie na nyingine izungushe, la sivyo hozi nzima inajikunja na kuanza safari yake ya kupasuka. Hozi inayotoa jasho kwenye shina lake la chuma haina dawa, ibadilishe.

"Kijiko kinashuka chenyewe, basi sili za silinda zimekwisha"

Hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Silinda ni bomba lenye pistoni ndani, na fimbo ya pistoni hutoka nje kunyanyua kijiko. Mzigo wa kijiko huisukuma fimbo ndani ya silinda. Sili ya pistoni ikiachia, mafuta ya nyuma ya pistoni yanapita kwenda mbele yake, lakini mbele kuna fimbo inayochukua nafasi, kwa hiyo mafuta hayawezi kuenea humo yote. Kama valvu imefunga hozi zote mbili barabara, hayana pa kwenda: kijiko kinashuka kidogo, presha inapanda, kinasimama. Kikishuka hadi chini na nje hakuna tone, mafuta yanapitia kwenye valvu. Na valvu yenyewe, kwa kuwa ndani ni chuma kinachoteleza kwenye chuma bila sili, huachia kidogo hata ikiwa mpya. Kitabu cha trekta husema kushuka kiasi gani ni kawaida. Kisome kabla ya kununua chochote.

Mikono ya nyuma ni habari nyingine. Silinda yake husukumwa na mafuta upande mmoja tu, na yanayopita pistoni hurudi moja kwa moja kwenye gia boksi. Huko sili ikichoka, mikono inashuka kweli.

"Chini pakavu, hakuna mvujo"

Bomba la kufyonza, lile linalotoka kwenye tangi au gia boksi kwenda kwenye pampu, halina presha ya kusukuma mafuta nje. Likilegea linavuta hewa. Dalili zake ni pampu kulia, mafuta kuwa na povu, na kijiko kunyanyuka kwa kushtukashtuka. Kagua klipu na mipira ya upande huo.

Kuna mvujo mwingine wa kimyakimya zaidi. Kwenye matrekta ambayo pampu inaendeshwa na gia za injini, sili ya shafti ya pampu ikifa, mafuta ya haidroliki huingia kwenye injini. Haidroliki inapungua, oili ya injini inaongezeka. Oili inayopanda kwenye kijiti cha kupimia bila mtu kuiongeza si baraka, zima injini.

"Sili mpya imemaliza kazi"

Pitisha ukucha kwenye fimbo ya silinda, injini ikiwa imezimwa na presha imetolewa. Ukikwama kwenye mkwaruzo au kishimo cha kutu, hiyo sili mpya itakatwa vilevile. Unyevu mwembamba unaong'aa kwenye fimbo hauna shida. Tone ndilo tatizo.

"Mimina dawa ya kuziba, au mafuta yoyote"

Kwenye matrekta mengi madogo mafuta hayohayo hulainisha gia, huendesha haidroliki na huogesha breki za ndani. Dawa ya kuziba, ambayo kazi yake ni kuvimbisha sili, inagusa vyote hivyo. Mafuta yasiyo ya aina iliyotajwa hufanya breki zilie na zishike vibaya. Mimi dawa hizo siziweki.

"Kijiti kinaonyesha pungufu, basi yamevuja"

Silinda zikiwa zimenyooka, mafuta yako ndani yake, hayajapotea. Pima trekta likiwa mahali tambarare, limezimwa, kila kitu kimeshushwa. Anayepima kijiko kikiwa juu huongeza, kisha akishusha mafuta yanazidi, yanapata moto, na kutokea kwenye tundu la kupumulia. Tundu hilo likiziba kwa vumbi, presha ya ndani huzisukuma sili zilizo nzima zitoe mafuta. Lisafishe kabla ya kumlaumu mtu wa sili.