Kirukia si kila kinachoota juu ya mti

Nimekutana tena na maelezo ya picha yanayosema "mwembe umevamiwa na virukia", na nikiitazama picha yenyewe naona makangaga na okidi. Naomba tuelewane kidogo.

Kirukia ni mmea wa kijani unaoota juu ya tawi la mti mwingine na kuzamisha mzizi wake mpaka kwenye mishipa ya maji ya mti huo. Humo hufyonza maji na chumvichumvi, kisha hujipikia chakula chake chenyewe kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo ni mnyonyaji nusu.

Okidi na kangaga hazinyonyi kitu. Zinakaa juu ya gome kufuata mwanga, na maji yao ni ya mvua na umande. Mitini mingine ya porini huanzia juu ya mti, ikashusha mizizi mpaka chini na kumkaba mwenyeji wake. Huko ni kukaba, si kunyonya. Mlangamia, zile nyuzi zinazotanda juu ya vichaka vya pwani, unanyonya kwelikweli, lakini ni wa familia ya mparachichi na mdalasini, na hauhusiani na virukia hata kidogo. Ukitaka kujiridhisha, tazama maungio. Penye kirukia tawi huvimba, na mti na mgeni wake huwa wameshikana kiasi kwamba ukikwangua kwa kisu huoni sawasawa mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Kirukia kiitwacho Erianthemum dregei, kinachopatikana kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, kikifa na kuoza huacha kwenye mti wa mwenyeji kovu lenye mikunjo kama ua la waridi. Huko kusini watu huyachonga makovu hayo na kuyauza kama mapambo.

Kosa hilo la mtaani nalisamehe upesi. Linaloniuma ni la vijarida vya kilimo na ripoti za misitu, ambako kila kirukia cha Afrika kinaitwa Loranthus, halafu chini ya jina hilo inawekwa picha ya Viscum, jenasi ya familia nyingine. Hayo ni makosa mawili kwa mpigo.

Kwanza, virukia si familia moja. Vyote vimo katika oda (yaani kundi la familia) ya Santalales, lakini ndani ya oda hiyo tabia ya kuhamia matawini imezuka mara tano, kila mara katika ukoo wake. Mababu zao walikuwa wakinyonya mizizi ya majirani ardhini, kama anavyofanya mpaka leo msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, mti uliokatwa hovyo mpaka mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ndani ya Loranthaceae kwenyewe, familia kubwa kuliko zote za virukia, bado wamo waliobaki chini: Nuytsia floribunda wa Australia Magharibi ni mti kamili wenye shina lake, unaochanua rangi ya chungwa wakati wa Krismasi, na mizizi yake hukata mizizi ya mimea jirani ili kunyonya. Imewahi kukata hata nyaya zilizofukiwa ardhini.

Kati ya koo hizo tano, mbili ndizo zilizoenea kwetu. Loranthaceae ina jenasi zaidi ya 70 na spishi zipatazo 1,000. Viscaceae, familia ya Viscum, ina jenasi saba na spishi zaidi ya 500, ingawa wataalamu wengi siku hizi huiingiza ndani ya familia ya msandali. Kuzitofautisha hakuhitaji maabara, kunahitaji ua. Maua ya Viscum ni madogo mno, ya milimita chache, rangi ya kijani au njano, dume na jike mbalimbali, na wanaoyahudumia ni wadudu. Maua ya Loranthaceae zetu nyingi ni mirija mirefu yenye rangi nyekundu, chungwa au njano, na mteja wake ni chozi, ndege mdogo anayefyonza nekta. Simama karibu na mgunga wenye kirukia kilichochanua umtazame. Ua lililopevuka bado limefumba, lakini ubavuni limeacha nyufa nyembamba. Chozi anaingiza mdomo kwenye ufa, na papo hapo petali zinafyatuka, stameni zinajikunja kwa nguvu, na chavua inamrukia usoni. Ua ambalo halijaguswa huweza kubaki vilevile, limefumba.

Kwenye mbegu familia hizi mbili zinafanana zaidi, na nadhani hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Tunda lina ute unaonata. Huku kwetu vitororo, ndege wadogo, ni walaji wakubwa wa matunda hayo. Huitapika mbegu na kuipangusa mdomo kwenye tawi, nayo ikaganda hapo hapo. Ila jenasi moja ya Viscaceae, Arceuthobium, haimngojei ndege: tunda lake hujaa shinikizo la maji na kuifyatua mbegu mita kadhaa. Mmoja wa jenasi hiyo, mfupi wa sentimita chache tu, huota juu ya mtarakwa katika nyanda za juu za Kenya, Ethiopia na Eritrea.

Pili, jina Loranthus. Lilitungwa karne ya 18 kwa maneno yenye maana ya ukanda na ua, na kwa muda mrefu lilikuwa kapu la kila kirukia chenye ua refu, kiwe cha Brazil, Java au Tanga. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philippe van Tieghem, alianza kulipakua kapu hilo miaka ya 1890, akagawa jenasi nyingi mpya, na wenzake wengi wakampuuza kwa miongo. Wataalamu wa mimea Roger Polhill na Delbert Wiens walipovichambua upya virukia vya Afrika, kazi yao ikatoka mwaka 1998, majina mengi ya van Tieghem yalirudi kazini: Agelanthus, Englerina, Oncocalyx, Plicosepalus na mengineyo. Loranthus halisi imebaki na spishi chache za Ulaya na Asia. Afrika kusini ya Sahara haina hata moja.

Ramani nayo inathibitisha kwamba huu si ubishi wa majina matupu. Loranthaceae asili yake ni mabara ya kusini yaliyokuwa yameungana zamani, lakini zile za Afrika zote ni za tawi moja, ambalo ndugu zake wa karibu wako Asia. Psittacanthus na Struthanthus ni za Amerika ya tropiki na hazipo kwetu. Amyema ni ya Australia na visiwa vya jirani, na humo wamo wanaoota hata juu ya mikoko. Tasmania, iliyo karibu kabisa na Australia, haina kirukia cha aina yoyote. Viscum, kwa upande wake, ina spishi nyingi zaidi Afrika na Madagaska kuliko huko Ulaya inakosifiwa wakati wa Krismasi, na spishi moja ya Afrika, Viscum loranthicola, huota juu ya virukia vya Loranthaceae. Kuviita vyote viwili Loranthus ni kumchanganya mwenyeji na mgeni wake.

Kwa hiyo bwana shamba anayeandika kwamba mkorosho "una Loranthus" hajapotea mbali. Aandike kirukia cha familia ya Loranthaceae, na hapo atakuwa amesema kweli bila kudai asichokijua. Akitaka jenasi, akate kijitawi chenye ua na tunda, akikaushe kati ya magazeti, aandike jina la mti kilikootea, akipeleke hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jani peke yake halitawatosha.