Si kila kitu ni "akili zake"

Mdogo wangu anatumia olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili. Amenenepa haraka, na usiku anaamka mara nne kunywa maji mtungini. Mama anasema ndiyo ugonjwa wenyewe. Kweli?

Huenda mama amekosea. Olanzapini huleta njaa isiyoshiba na inaweza kupandisha sukari. Kiu kama hiyo, kukojoa mara kwa mara na kuchoka ni dalili za kisukari. Mpelekeni zahanati asubuhi kabla hajala, achomwe kidole. Sukari ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, kipimo kirudiwe siku nyingine. Na mwende na paketi za dawa mkononi. Mhudumu akiziona hahitaji kubahatisha.

Basi aache dawa?

Asiache mwenyewe. Akikatisha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Daktari anaweza kubadilisha dawa au kuongeza ya kudhibiti sukari.

Mbona wagonjwa wa akili wanakufa mapema?

Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makali ya akili hupoteza miaka 10 hadi 20 ya maisha, na sehemu kubwa ni kwa magonjwa ya mwili yanayotibika: moyo, kisukari, mapafu. Sigara na umaskini vimo. Ila mimi nalaumu zaidi masikio yetu. Hapa Dodoma mtu akishasemwa kuwa "alikuwa Mirembe", hospitali yetu ya magonjwa ya akili, neno hilo linamtangulia hadi kwenye foleni. Akisema kifua kinambana, anaambiwa atulie, ameze dawa zake. Mwingine angeshapimwa presha na moyo.

Anavuta sana sigara. Tumwachishe?

Ndiyo, lakini mwambieni daktari kwanza. Moshi wa sigara huharakisha mwili kuivunja olanzapini, kwa hiyo akiacha, dozi ileile inaweza kumzidi: atalala mchana kutwa. Dozi huenda ikapunguzwa.

Na jua letu hili?

Kwa anayetumia largactil, dawa nyingine ya ugonjwa wa akili, jua la Dodoma ni kali kupita kiasi: ngozi huungua upesi, na jasho linaweza kupungua mwili ukachemka. Akienda shamba la zabibu, avae kofia pana na mikono mirefu, na chupa ya maji isikose.

Apimwe nini, na lini?

Uzito, kiuno, presha na sukari kabla ya kuanza dawa, kisha tena miezi mitatu baadaye, halafu angalau kila mwaka. Kama kliniki mnayokwenda wanaandika dawa tu bila mizani, ombeni mizani.