Sikio Halilali na Njaa: Filamu Nilizotazama Karibuni

Kazi yangu ni kuchanganya sauti za filamu. Jina langu hupita mwishoni kabisa, taa zikiwa zimeshawashwa na watu wanapigana vikumbo mlangoni. Ndiyo maana rafiki zangu huniona kituko. Tukitoka kutazama filamu, wao hubishana nani alistahili kufa na nani hakustahili. Mimi bado niko na ule mlango uliofungwa dakika ya ishirini, najiuliza mbona ulilia kama mlango wa stoo ilhali ni wa jumba la kifahari.

Wiki hizi nilikuwa kati ya kazi moja na nyingine, nikapata wasaa wa kutazama filamu kadhaa, nyingine kwa mara ya pili. Si mpya zote. Haya ni maoni yangu tu, ukiyakataa hatugombani.

Iliyonikaa zaidi ni The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, ya mwaka 2023. Familia ya Rudolf Höss, kamanda wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, inaishi kwenye nyumba yenye bustani ya kupendeza, na ukuta wa bustani hiyo ndio ukuta wa kambi. Mateso ya upande wa pili hatuonyeshwi. Tunachoona ni mama akimbeba mtoto mchanga na kumwonyesha maua, watoto wakiogelea, watumishi wakipanga meza. Lakini nyuma ya hayo yote kuna mvumo mzito usiokatika, mbwa wanabweka, mara risasi, mara sauti ya mtu inayokatwa katikati.

Mara ya kwanza niliitazama kama kila mtu, nikaumia. Mara ya pili niliitazama kama fundi, na hapo ndipo ilinitisha kweli. Sisi watu wa sauti tuna adui mmoja wa kudumu: sauti isiyobadilika hufa sikioni. Ukiweka mvumo wa mashine kwenye tukio la kiwandani, baada ya muda mfupi mtazamaji hausikii tena. Ubongo wake umeshauweka kando kama kitu kisicho na habari mpya. Kwa kawaida tunapambana na jambo hilo, tunaubadilisha mvumo kidogo kidogo ili usife. Glazer na msanifu wake wa sauti, Johnnie Burn, wameuacha ufe. Kufika katikati ya filamu nilijishtukia kwamba nilikuwa nafuatilia mazungumzo ya mke na mume kuhusu uhamisho wa kazi, na ule mvumo sikuwa nausikia tena. Yaani nimekuwa mmoja wa wale watu wa mezani. Filamu nyingi hutueleza jinsi binadamu anavyozoea uovu. Hii ilinifanya niuzoee mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kochi, kwa muda usiofika saa moja. Ilipata Oscar ya sauti mwaka 2024 na sina kinyongo. Mara ya tatu, hapana. Sitaitazama.

Sandra Hüller, aliyeigiza mke wa Höss, yumo pia katika Anatomy of a Fall ya Justine Triet, na filamu zote mbili zilishindana kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023: hii ya Triet ikachukua Palme d'Or, tuzo kuu, ile ya Glazer ikachukua Grand Prix, ya pili yake. Mwanamume anakutwa amekufa kwenye theluji nje ya nyumba yake, na mkewe anashtakiwa. Watu wengi wanaisifu kwa sababu haikuambii waziwazi kama mke alimuua. Mimi naipenda kwa sababu karibu ushahidi wote ni sauti. Muziki ambao mume aliufungulia juu kabisa, ukirudia na kurudia. Mtoto mwenye uoni hafifu anayedai aliwasikia wazazi wake wakizungumza, kisha wapelelezi wanarudi nyumbani kupima kama kweli mtu angeweza kusikia maneno hayo akiwa pale aliposema alikuwa. Nilitaka kusimama nipige makofi: hatimaye, filamu inayokumbuka kwamba sauti ina umbali na ukuta!

Na kuna lile tukio la ugomvi uliorekodiwa. Mahakamani inapigwa rekodi; sisi watazamaji tunahamishwa jikoni na kuwaona wawili hao wakirushiana maneno. Ugomvi unapanda, unapanda, na pale mikono inapoanza kutumika, picha inakatwa. Tunarudishwa mahakamani na kubaki na sauti peke yake, kama baraza la mahakama. Kishindo hicho ni cha nani? Nani kampiga nani? Unajikuta unachora picha kichwani na kuiamini, na picha hiyo hakuna aliyekuonyesha. Nimerudia dakika hizo mara nne. Nyingine za mahakamani, nikiri, zilinichosha kidogo.

Sasa Oppenheimer, ya Christopher Nolan, kuhusu mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Nimeirudia kwa sababu binti wa dada yangu alinilalamikia: "Mjomba, hawa watu wanasema nini?" Swali hilo naulizwa kila mara, si kuhusu filamu hii tu, kwa hiyo acha nilijibu vizuri.

Ukumbi wa sinema una spika nyuma ya skrini kushoto, kulia na katikati, na karibu mazungumzo yote hutoka kwenye ile ya katikati. Chumba tunachochanganyia hupimwa ili kiwango chetu cha rejea kiwe desibeli 85, na juu yake tunabakiwa na nafasi ya desibeli 20 nyingine kwa milipuko na vishindo. Mnong'ono na bomu vina pa kukaa, kila kimoja mahali pake. Filamu hiyohiyo ikifika nyumbani, njia zote hizo zinakamuliwa ziingie kwenye spika mbili ndogo za runinga, ambazo mara nyingi zinatazama chini au zimeupa ukuta uso. Na wewe unasikiliza kwa sauti ya chini sana kuliko ukumbini. Mnong'ono unazama chini ya feni. Unaongeza sauti, bomu linalipuka, jirani anagonga ukuta, unapunguza. Filamu nzima umeshika rimoti.

Kwa Christopher Nolan kuna sababu ya ziada. Kamera za IMAX, zile za skrini kubwa mno, alizotumia zilikuwa na kelele, na mwenyewe ameshasema hapendi kuwarudisha waigizaji studio kusema upya maneno yao. Anataka sauti ya siku ile ile walipoigiza. Namheshimu kwa hilo, kwa sababu sauti ya studio hata ikiwa safi mara nyingi haina pumzi ya tukio. Ila gharama yake anailipa mtazamaji. Kabla hujamlaumu mtu, ingia kwenye mipangilio ya runinga yako uangalie sehemu ya sauti: kama una spika mbili tu lakini umechagua 5.1, yaani sauti ya spika sita, badilisha iwe stirio. Kama kuna hali ya usiku, inayopunguza pengo kati ya mnong'ono na kishindo, iwashe. Nilimfanyia hivyo mpwa wangu, akasikia nusu ya yale aliyokosa. Nusu nyingine imefunikwa na muziki, ambao haunyamazi hata watu wawili wakijadili karatasi ofisini. Hapo namlaumu Nolan.

Lakini kwa mlipuko wa Trinity, lile jaribio la kwanza la bomu la atomiki, nampa alama zote. Mwanga kwanza, kisha kimya, pumzi tu. Si madoido ya sinema, ni fizikia. Mwanga hufika papo hapo, sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, na Oppenheimer mwenyewe alikuwa kama kilomita 9 kutoka kwenye bomu. Piga hesabu: karibu nusu dakika ya kutazama moto usio na sauti. Wengine wangeweka kishindo palepale, kwa kuhofia mtazamaji ataona kuna hitilafu.

Nami nimo kwenye kundi la waoga hao. Miaka ya nyuma nilichanganya filamu ambayo mama, kitandani, anasema neno la mwisho huku mvua inanyesha. Niliipenda ile mvua. Nilikuwa nimeirekodi mwenyewe usiku kucha, nikaipandisha, nikaweka na radi. Kwenye onyesho la kwanza mama yangu mzazi aliniinamia akauliza, "Kasema nini?" Ukumbi mzima ulikuwa unajiuliza hivyohivyo. Filamu yote ilitegemea neno lile.

Sound of Metal nilikuwa nimeikwepa muda mrefu, kwa sababu mtu wa kazi yangu hatazami kwa furaha hadithi ya mpiga ngoma anayepoteza kusikia. Riz Ahmed ameigiza vizuri mno. Kinachonifurahisha ni kwamba filamu haidanganyi kuhusu kifaa kinachopandikizwa sikioni. Wengi hudhani ni kama kuvaa miwani: unavaa, unaona. Sikio lenye afya lina maelfu ya chembe za kupokea sauti. Kifaa kina vituo vya umeme kati ya 12 na 22. Ubongo hujifunza kusikia upya kwa hicho kidogo, na huchukua muda. Kwenye filamu kinapowashwa unasikia anachosikia yeye: bati linalokwaruzwa, sauti za watu zenye kutu. Ilipewa Oscar ya sauti mwaka 2021, na ya uhariri pia. Itazame kwa vipokea sauti vya masikioni, tafadhali, si kwa simu iliyolala mezani.

Perfect Days ya Wim Wenders ni ya mtu anayesafisha vyoo vya umma jijini Tokyo. Hakuna kinachotokea, au kila kitu kinatokea, sijui. Anaamshwa na ufagio wa jirani barabarani, si saa. Nyimbo anazisikiliza kwa kaseti garini, nasi tunazisikia humo humo. Nililala usingizi dakika kumi hivi katikati, nikaamka, na sikuona kama nimekosa heshima.

Ya mwisho ilikuwa filamu ya mapigano ambayo sitaitaja. Tai akaruka juu ya mlima na kutoa ule mlio mkali wa kishujaa, ambao si wa tai kabisa. Ni wa mwewe mwenye mkia mwekundu, maana tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe hulia kama kifaranga na watayarishaji huona aibu. Nikavumilia. Dakika chache baadaye mlinzi akaanguka kutoka ghorofani na kupiga kile kiitwacho kilio cha Wilhelm, ukelele uliorekodiwa kwa filamu ya mwaka 1951 na ambao tangu hapo umetumika katika mamia ya filamu. Nilicheka hadi mpwa wangu akasimamisha picha aniulize kuna nini. Nilipomweleza, akarudisha nyuma asikilize, akarudisha tena. Filamu hatukuimaliza, tulikesha tukiwinda kilio kile kwenye filamu nyingine.