Jazi ndani ya muziki wa kasi: kweli ni mashine tupu?

Wengi huamini kwamba jazi ni muziki wa taratibu, na kwamba drum and bass, dansi ya kielektroniki iliyoibuka Uingereza miaka ya 1990, inakimbia mno kiasi kwamba mpiga ala hana nafasi ndani yake. Imani hiyo inaeleweka. Jazi ya hotelini huwa ya taratibu kweli.

Lakini bebop, jazi iliyochipuka New York miaka ya 1940, mara nyingi ilivuka mapigo 250 kwa dakika. Drum and bass huenda 170 hivi. Tena besi yake mara nyingi hutembea kwa nusu ya kasi hiyo, kama 85, mwendo unaompa mpiga kinanda muda wa kupanga sauti zake huku dramu zikichachamaa juu. Na dramu zenyewe? Nyingi zilikatwa kutoka rekodi za zamani za soul na funk za Marekani, zilizopigwa kwa mikono, kisha zikaongezwa kasi na kupangwa upya.

Kuhakiki si kazi kubwa. Gonga meza kufuata mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kisha cheza wimbo kwa nusu ya kasi: katikati ya mapigo makubwa ya dramu mara nyingi utasikia mapigo madogo hafifu, yasiyolingana nguvu, dalili ya mkono wa mtu. Majina ya wapigaji, kama wapo, huandikwa kwenye jalada la albamu. Zipo pia nyimbo zisizo na mpigaji hata mmoja, na baadhi ni tamu sana.