Wakala wa Dawa wa Afrika: yanayosemwa na yalivyo

Mkataba wa kuunda Wakala wa Dawa wa Afrika (AMA), chombo cha Umoja wa Afrika, ulipitishwa Addis Ababa Februari 2019, ukaanza kutumika tarehe 5 Novemba 2021 baada ya Cameroon kuwa nchi ya 15 kuwasilisha hati ya kuuridhia. Makao yake ni Kigali. Mengi yanasemwa juu yake, na baadhi yanaweza kuudhoofisha kabla haujasimama vizuri.

Dhana: AMA inakuja kuzifuta mamlaka zetu za kudhibiti dawa, TMDA ya Tanzania au PPB ya Kenya.

Hapana. Kazi yake ni kuratibu na kuziongezea nguvu: tathmini na ukaguzi wa pamoja, kupashana habari za dawa bandia na zilizo chini ya kiwango. Usajili unabaki mikononi mwa nchi. Tena viti vitano vya bodi yake ni vya wakuu wa mamlaka za kitaifa, kimoja kwa kila kanda ya Umoja wa Afrika.

Mimi sihofii nguvu za Wakala huu, nahofia udhaifu wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mpango wa kuoanisha usajili wa dawa mwaka 2012. Wataalamu wa nchi wanachama hukaa pamoja, wakasoma jalada moja la maombi ya kusajili dawa na kukubaliana. Kisha kampuni hulazimika kuomba na kulipia usajili katika kila nchi, na kila nchi ina ratiba yake. Pale soko lilipo dogo, kampuni huona haina haja ya kuhangaika. Ndivyo mgonjwa wa Bujumbura anavyoweza kukosa dawa ambayo wataalamu wa kanda nzima walishairidhia.

Dhana: Ulaya shirika moja ndilo huamua kila kitu.

Shirika la Dawa la Ulaya (EMA), lililoanza kazi 1995, hutoa maoni ya kisayansi tu. Anayetoa kibali ni Tume ya Ulaya. Wanaotathmini hutoka mamlaka za kitaifa, na dawa nyingi za jeneriki (nakala za dawa ambazo hataza zake zimeisha) bado husajiliwa na nchi zenyewe. Ila kibali cha Tume kikishatoka, kinazibana nchi zote wanachama, jambo ambalo sisi hatuna.

Dhana: Mdhibiti anayelipwa ada na kampuni amekwisha kununuliwa.

Wasiwasi huu nauheshimu. Sehemu kubwa ya bajeti ya EMA ni ada za kampuni, na mamlaka zetu pia hutegemea ada. Mwaka 2011 Bunge la Ulaya liliahirisha kuidhinisha hesabu za EMA za 2009, na mgongano wa maslahi ulikuwa miongoni mwa sababu. Shinikizo hilo lilizaa matunda: kanuni za wataalamu kutangaza maslahi yao zilikazwa, na sera iliyoanza Januari 2015 ikafungua mlango wa kuchapisha taarifa za majaribio ya dawa. Ada zilibaki, lakini usiri ukapungua. AMA nayo idaiwe hayo mapema: matamko ya maslahi na ripoti za tathmini ziwekwe wazi kwa umma.

Dhana: Nchi ikishasaini, imo.

Kusaini ni kuonyesha nia tu. Mpaka nchi iridhie mkataba na kuwasilisha hati Umoja wa Afrika, haina kura katika Mkutano wa Nchi Wanachama, ambao ndio chombo cha juu cha Wakala.